Nimepasuliwa mkono nikiwa macho

Mnaouliza kwa nini siku hizi najibu kwa mkato: nimefanyiwa upasuaji wa neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Dole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vinakufa ganzi usiku, naamka naukung'uta mkono kama nimevamiwa na siafu. Kidole cha mwisho kilisalimika, chenyewe kina neva nyingine.

Hawakunilaza usingizi. Ila hiyo sindano ya ganzi kiganjani, jamani! Dawa inaingia inawaka, unauma meno, kisha basi. Baada ya hapo nilisikia kuguswa na kuvutwa tu, maumivu hakuna. Daktari alikuwa anakata ule utepe mgumu unaoikandamiza neva huku anabishana na muuguzi kuhusu mpira. Mara nyuzi, bendeji, nenda nyumbani.

Usiku uleule nililala moja kwa moja. Kidonda bado kinauma nikijisukuma kuinuka kitini, na vifuniko vya chupa nafunguliwa. Vidole nimeambiwa nivichezeshe kila mara visikakamae. Simu pigeni, kuandika kunanichosha.