Soksi kwenye simu

Nilimaliza diploma ya uandishi wa habari 2022 nikidhani wiki inayofuata niko studio natangaza mpira. Wapi! Redio ya kwanza (siitaji) ilinipa nauli tu kwa miezi saba, tena ya kwenda. Kurudi jitegemee.

Shule yangu ikawa mechi za ndondo, mpira wa mtaani, huko Temeke. Hakuna wa kukupa kikosi. Unamfuata kocha na daftari, na wachezaji wengine hata yeye anawajua kwa jina la utani. Simu yangu ilirekodi upepo kuliko sauti, nikaivalisha soksi. Walinicheka, ila sauti ilitoka safi.

Mei 28, 2023 nikawa Uwanja wa Mkapa, Yanga na USM Alger ya Algeria, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mkondo wa kwanza. Kiingilio nimelipa mwenyewe. Dakika za lala salama Mayele wa Yanga kasawazisha, uwanja mzima umesimama, mimi nimeinama naandika. Kuinua kichwa, USM wameshafunga la pili! Sikuliona kabisa. Shabiki wa pembeni ndiye aliyenisimulia, kwa hasira.

Nikaandika hivyo hivyo ukurasani kwangu. Usiku mhariri mmoja akanitumia ujumbe: "Hii umeandika mwenyewe? Njoo Jumatatu."

Soksi bado ninayo.