Pamba ya Bariadi na kijiti cha mshikaki

Yaani nimejitafutia kazi mwenyewe. Shangazi alinitumia mfuko wa pamba kutoka Bariadi, ile ya shambani kabisa na mbegu zake ndani, nikasema hii haiendi kwa fundi magodoro, najifunza kusokota uzi. Kifaa nikaunda mwenyewe, kijiti cha mshikaki nikakipitisha kwenye sidii mbili zilizochubuka, tundu likapwaya nikaziba na kitambaa. Kuchambua mbegu tu kwa vidole jioni mbili zimeisha, na pamba inayobaki ni kama theluthi ya ule uzito.

Basi unazungusha kijiti, unakiachia kining'inie huku unavuta pamba taratibu... tap! Uzi umekatika, sidii hizo chini ya kochi. Wiki nzima ni kupiga magoti tu kutafuta sidii.

Kumbe tatizo ni uzito. Pamba nyuzi zake fupi, ni kama sentimita 3 tu, sio kama sufu ya kondoo, kwahiyo kitu kizito kinazichomoa kabla hazijashikana. Nikakumbuka Kilwa Kisiwani, kule wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vigae vya vyungu vimechongwa duara na kutobolewa katikati, ndo walikuwa wanasokotea hivyo. Vidogo tu! Nikachukua kipande cha mtungi uliovunjika nikakisugua kwenye simenti mpaka kikawa duara, viwili vilipasuka wakati natoboa na msumari, cha tatu kikakubali. Na sasa sikining'inizi tena, ncha ya kijiti naikalisha kwenye bakuli.

Kazi yote iko kwenye vidole bwana. Unabana, unavuta kidogo, ndo unaachia msokoto upande juu kwenye pamba. Ukiuachia upande kabla hujavuta, pamba inagoma, unapata kinundu kama punje ya mchele, na mie uzi wangu wa kwanza ni vinundu vitupu.

Nimepata kama mita 12, nikaziunga mbili mbili kwa kusokota upande wa pili zisijikunje. Kuutia majini ukaelea, pamba mbichi ina nta yake, ikabidi nichemshe na sabuni na magadi, maji yakawa rangi ya chai. Sasa umeanikwa uani, mwanangu anauliza huo utatosha kushona nini, nikamwambia utambi wa kibatari.