Jiwe Langu Ukutani: Safari ya Kurudi Shuleni Mlalo

Nilipanda basi alfajiri katika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, nikiwa na katoni mbili za vitabu vya kemia na baiolojia, na njia nzima ya Chalinze, Segera na Korogwe sikuwaza jambo jingine ila shule. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2009 katika shule moja ya kata iliyoko tarafa ya Mlalo, wilayani Lushoto, na tangu hapo sikuwahi kurudi.

Mombo tuliiacha barabara kuu ya Moshi, tukaanza kuzipanda kona za milima ya Usambara kupitia Soni, ambako kina mama walituletea peasi hadi dirishani. Lushoto nilihamia gari dogo, tukapita msitu wa Magamba kwenye ubaridi uliolazimisha vioo vyote kufungwa, na alasiri tulipoteremkia Mlalo nikaziona tena zile nyumba za ghorofa moja zenye roshani za mbao.

Shule yetu ilizaliwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, serikali ilipodhamiria kila kata iwe na sekondari yake. Wazazi waliitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea. Wengine walichimba msingi, wengine walibeba mchanga kutoka mtoni, na sisi wanafunzi wa mwanzo tulitakiwa kila asubuhi kufika na jiwe moja kichwani. Watu wa mjini waliziita shule zetu yeboyebo, kama vile viatu vya plastiki vya bei rahisi, na walimu wa leseni, vijana waliotoka kidato cha sita na kupewa mafunzo ya muda mfupi tu, wakaitwa vodafasta, kama ile huduma ya kuongeza salio la simu upesi. Majina hayo yalituuma. Hao vijana ndio waliotufundisha hisabati kwa chaki ya kugawana, na mimi sijapata kumdharau hata mmoja wao.

Mlinzi wa getini alikuwa yule yule, sasa ana mvi kichwa kizima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe si wa lile kundi la mawe?"

Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya darasa lililojengwa kwanza, mahali ambapo lipu imebanduka na mawe yanaonekana, makubwa kwa madogo, kila moja kwa kimo cha mtoto aliyelibeba. Siwezi kusema langu lilikuwa lipi. Nilisimama pale kwa muda, kiganja changu kikiwa juu ya ukuta.

Madarasa yameongezeka. Baadhi yalijengwa kwa sehemu ya zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa mwaka 2021 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, yaani korona, zilizojenga madarasa 12,000 ya sekondari nchini, na wenyeji hadi leo wanayaita madarasa ya UVIKO. Yalihitajika kweli, kwa sababu tangu ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka ilipofutwa Januari 2016, watoto ambao zamani wangebaki shambani wanakuja shuleni kwa wingi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni maabara. Sisi tulisoma kemia ubaoni: mwalimu alichora bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za kipimo na koki chini, tukaichora kwenye daftari, na mtihani wa vitendo tuliufanya kwa karatasi ile mbadala, tukieleza rangi ambazo hatukupata kuziona. Safari hii nilimkuta binti wa kidato cha tatu ameinama, jicho lake usawa wa alama za bureti, akifungua koki tone kwa tone na kutikisa chupa kwa mkono wa kulia. Tone moja likaleta uwaridi uliotoweka. Lililofuata likaleta uwaridi uliobaki. Akafunga koki, akaandika 24.6, akarudia tangu mwanzo bila kuambiwa. Nikiwakumbuka watahiniwa wa kidato cha nne wa mwaka 2012, ambao sita kati ya kila kumi walitangaziwa sifuri, naamini kwa dhati kwamba wengi wao walinyimwa nafasi kama hiyo, wala hawakupungukiwa akili.

Mkuu wa shule alipokea vitabu, akavigonga muhuri mwenyewe kimoja kimoja, kisha akanionyesha jambo linalomnyima usingizi: msingi wa bweni la wasichana, ulioishia kwenye jamvi la sakafu, nyasi zimeota katikati. Wasichana wanaotoka vijiji vya mbali hupanga vyumba mjini, wakijipikia na kujilinda wenyewe, au hutembea saa mbili kwenda na mbili kurudi. Mabati yapo stoo. Kinachokosekana ni saruji na fundi. Tulikubaliana niwatafute wenzangu wa kundi la mawe, na akanipa karatasi yenye makadirio ya mifuko.

Niliondoka saa kumi na moja jioni, ukungu ukianza kushuka. Kilomita kadhaa mbele tuliwapita wasichana watatu wenye sare, madaftari kifuani, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Nilimwomba dereva asimame. Mmoja wao alikuwa yule wa bureti, na kwao, alisema akiingia garini, bado kulikuwa mbali.