Mshale wa dayodi na elektroni zake

Kijana anayejifunza ufundi kwangu hapa Arua kaniuliza leo, dayodi mkononi (kile kipande kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu): "Fundi, elektroni, zile chembe zinazobeba umeme kwenye waya, si zinatoka hasi kwenda chanya? Mbona mshale kwenye mchoro unaelekea kinyume?" Swali tamu kweli, na wateja huniuliza mengi jamani!

Lawama, kama ipo, ni ya Benjamin Franklin, mwanasayansi Mmarekani. Miaka ya 1740 ndiye aliyepanga chaji ipi iwe chanya na ipi hasi, na elektroni haikujulikana bado. Mwanafizikia J. J. Thomson alipoigundua mwaka 1897 ikaonekana ni hasi. Kumbe kwenye waya inakwenda kinyume na mkondo tunaouchora kwa mshale, wa chanya kwenda hasi. Michoro ikabaki vilevile, maana hesabu zinatoka sawa.

Tukachukua mita tukapima dayodi ya silikoni: waya mwekundu upande usio na mstari, mweusi kwenye mstari, ikasoma volti 0.6 hivi. Kugeuza tu, ikakataa. Ndani ya asidi ya betri mambo mengine kabisa, huko ioni chanya (atomi zenye chaji) nazo zinatembea. Hiyo nimemwambia tungoje kesho, redio za watu zimejaa mezani.