Ukuta wa Nannetti, Volterra

Kufika Volterra bila gari kunachosha. Mji umekaa juu ya kilima cha zaidi ya mita 500, mkoa wa Toscana, Italia, na treni haipandi huko. Unashukia Pontedera, unakata tiketi kabla ya kuingia kwenye basi, kisha ni kona juu ya kona. Jumapili mabasi ni ya kuhesabu. Bei nazo hazina huruma: kahawa ya kunywa umesimama kaunta ina bei yake, ukivuta kiti inapanda. Chumba nilichopata kilikuwa ghali, kitanda kimebonyea, na upepo wa kilimani ulipenya dirishani usiku kucha.

Wageni wengi huja kutazama kuta za Waetruski, watu walioishi hapa kabla ya Warumi, na vinyago vya jiwe la alabasta. Kilichonipeleka mimi ni ukuta ulioandikwa na mgonjwa aitwaye Nannetti, nje ya mji wa kale, penye miti, kwenye mabaki ya hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanza mwaka 1888 kama hifadhi ndogo ya maskini, ikakua hadi wagonjwa wakakaribia 5,000 miaka ya mwisho ya 1930.

Aliyeikuza ni Daktari Luigi Scabia, mkurugenzi wake kuanzia 1900 hadi 1934. Aliamini kazi inatibu kuliko kamba. Wagonjwa walifyatua na kuchoma matofali, walilima, walioka mikate, walifua, walishona, na ndani ya hospitali kulikuwa na fedha yake yenyewe. Alipofariki alizikwa San Finocchi, kwenye makaburi ya wagonjwa wake. Ninamheshimu kwa hilo. Lakini hospitali ya watu 5,000 ni mji, na mji huo ulikuwa na geti.

Jengo la Ferri lilikuwa la walioletwa na mahakama. Huko ndiko alikoingizwa Oreste Fernando Nannetti mwaka 1958, mzaliwa wa Roma wa mwaka 1927, ambaye shtaka lake la awali lilikuwa kumtukana mtumishi wa serikali. Hakuwa na kalamu. Sare ya hospitali ilikuwa na kizibao, na kizibao kina bizimu nyuma. Alipotolewa uani kupunga upepo, alichomoa bizimu na kutumia ncha yake kuchora lipu ya ukuta. Kwanza alichora fremu kama ukurasa wa kitabu, kisha akaujaza maandishi, akahamia ukurasa unaofuata. Alifanya hivyo kwa miaka, mpaka maandishi yakafikia urefu wa mita 180, akitia sahihi NOF4, herufi za kwanza za majina yake na namba nne. Aliandika habari za vyombo vya angani, za hali ya hewa, na za ndugu wa kufikirika wenye pua ya umbo la Y. Herufi zake zina pembe kali, zinakaribiana ajabu na zile za Waetruski zilizochongwa kwenye mawe ya mji huohuo.

Sasa tazama kitu kimoja kwa karibu. Chini ya ukuta palikuwa na benchi, na wapo wagonjwa waliokaa hapo siku nzima bila kusogea. Nannetti hakuwaondoa. Aliandika kuwazunguka, mstari ukifika kichwani mwa mtu unakatika, unaendelea upande wa pili. Walipoondoka zilibaki nafasi tupu zenye umbo la vichwa na mabega. Wale hawakuandika chochote, na kimo chao kimo ukutani hata hivyo.

Nesi mmoja, Aldo Trafeli, ndiye aliyezungumza na Nannetti na kumsaidia msomaji wa leo kufumbua maandishi hayo. Bila yeye tungeona mikwaruzo tu.

Sheria namba 180 ya Mei 13, 1978, inayoitwa kwa jina la Daktari Franco Basaglia, ilizuia hospitali za namna hii kupokea wagonjwa wapya. Wodi zikafungwa moja baada ya nyingine, paa la Ferri likaachwa, na ukuta ukaanza kufa. Sababu ni ya kifundi kabisa. Mkwaruzo unaondoa ngozi ngumu ya juu ya lipu, maji ya mvua yanaingia hapo na kukaa nyuma yake. Baridi ya usiku ikiyagandisha yanavimba, lipu inaachia, kisha inadondoka bapa zima, kurasa nzima kwa mpigo. Kuna na wageni wanaobandua vipande kwenda navyo nyumbani. Jambo hili linaniudhi mno. Sehemu ndogo iliondolewa kitaalamu na kuwekwa kwenye makumbusho ya hospitali, katika jengo la Lombroso. Anzia huko, kwa sababu kuingia Ferri ni marufuku na dari zake kweli zinaanguka.

Kwenye mafaili ya hospitali zilikutwa pia barua za wagonjwa ambazo hazikutumwa kamwe. Mama anaulizia watoto, mume anaomba aje kuchukuliwa. Nilipowaza hayo nilirudi nyumbani kwa fikra, kwenye hospitali za akili za Tanzania: Mirembe ya Dodoma, ambayo mitaani tumeigeuza tusi, na Lutindi milimani Usambara, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani na ingali inahudumia. Wodi zetu za zamani hupakwa rangi upya, na fundi kabla ya kupaka hukwangua ukuta kwanza, pamoja na chochote ambacho mgonjwa aliandika hapo.

Kwa hiyo anayesimamia ukarabati aupige picha ukuta kabla ya fundi kuanza. Mwanga wa mbele unafuta mikwaruzo. Zima taa, shika tochi ubavuni, karibu kugusa ukuta, ili kila mkwaruzo utupe kivuli. Weka rula ndani ya picha. Piga kutoka kushoto kwenda kulia, kila picha ikirudia theluthi moja ya iliyotangulia, na andika namba ya chumba na ukuta unaotazama upande gani.