Ini la Siku Sita

Lilifika asubuhi kwa basi la usiku kutoka Mombasa, ndani ya mkebe wa plastiki uliofungwa kwa lakiri, barafu yote imeshayeyuka. Karatasi ya polisi ilieleza kwa ufupi: mwanamume, kakutwa amekufa katika chumba cha gesti, mlango umefungwa kwa nje, simu na pesa hazipo. Alikaa humo siku 6 kabla harufu haijawashtua wapangaji. Damu ya kupima haikupatikana, kibofu kilikuwa kitupu. Lilibaki ini tu, nalo kingo zake zilikuwa zimeanza kugeuka kijani.

Sote tulishuku mchele. Kenya nzima inaujua mchele huu usiopikwa: vidonge vya usingizi vinavyosagwa na kutiwa kwenye kinywaji cha mtu ili aibiwe akiwa hajitambui. Lakini mahakamani shuku si ushahidi, na mimi, mwaka wangu wa pili maabara, ndiye niliyepewa kazi.

Nilipima gramu 2, nikazisaga kwa maji katika blenda kama ile ya sharubati nyumbani, nikatia bafa ya pH 9, kimiminika cha kupunguza asidi, ili dawa ikubali kuhamia kwenye kiyeyusho. Nikatikisa, nikazungusha kwenye sentrifuji, nikanyonya tabaka la juu na kulikausha kwa naitrojeni mpaka ukabaki utando mwembamba wa manjano. Kando yake nilitayarisha maini ya ng'ombe kutoka buchani, niliyoyatia flunitrazepamu, dawa moja ya usingizi, kwa makusudi ili nijue kama njia yangu inafanya kazi.

Kwenye kromatogramu, grafu ambayo mashine huonyesha kila dawa kama kilele, maini ya buchani yalitoa kilele kirefu, safi. Ini la marehemu halikutoa kitu.

Nilirudia. Hakuna. Nikaandika "haikuonekana" kwenye rasimu, nikaipeleka kwa mama aliyenifunza kazi. Hakuitazama grafu. Aliuliza:

"Mwanangu, huyu alikaa siku ngapi kwenye joto?"

"Sita, mama."

"Na maini yako ya buchani?"

Nilinyamaza. Yangu yalikuwa mabichi ya asubuhi ile.

Akaniambia niyafunike yale niliyoyatia dawa, niyaache mezani siku mbili. Nilipoyapima tena yalikuwa yananuka hata nikavaa barakoa mbili, na kile kilele kirefu kilikuwa karibu kimetoweka. Bakteria wa uozo huikamata flunitrazepamu na kugeuza sehemu moja ya molekuli yake, kundi la naitro, kuwa amino. Klonazepamu na nitrazepamu, dawa za jamii yake, nazo hufanywa vivyo hivyo. Dawa haipotei, inabadilika sura, nami nilikuwa nimeiamuru mashine itafute sura ya zamani tu.

Mama alitoa kwenye friza chupa ndogo ya sampuli sanifu, ya kulinganishia: 7-aminoflunitrazepamu, ile sura mpya. Niliiambia mashine itafute ioni zake, chembe zenye uzito wa 283 na 255, nikaingiza mikrolita 1 ya dondoo la ini la marehemu. Dakika zilizofuata nilisimama, nilishindwa kukaa. Kilele kiliinuka mahali palepale pa sampuli sanifu, na uwiano wa ioni ukalingana.

Ripoti ilinichukua jioni nzima. Ini hai nalo hutengeneza kemikali hiyohiyo, kwa hiyo sikuweza kusema kiasi gani kiligeuzwa na uhai na kiasi gani na uozo, wala alimeza vidonge vingapi. Niliandika nilichokuwa na hakika nacho: dawa hiyo iliingia mwilini mwake. Ile rasimu ya kwanza sikuichana, niliihifadhi kwenye faili pamoja na grafu zake.

Kaka wa marehemu alikuwa akipiga simu maabara karibu kila siku. Mtaani walisema nduguye kafa kwa ulevi, na mama yao hatoki nje kwa aibu. Sikuruhusiwa kumpa majibu. Alipopiga siku hiyo nilimwambia, "Kaka, ripoti imeshakwenda kwa mpelelezi. Mwendee."

"Leo, dada?"

"Leo hii. Na mama yako aende nawe."