Mama alipolipa deni

Jumamosi iliyopita, kwenye sendofu pale Kimara, watu wa Moshi walishusha madumu ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, yaliyokuja na basi. Kifuniko kilipofunguliwa tu, ile harufu ya ndizi zilizochacha na uchungu wa gome la msesewe, nikasahau hata zawadi ya bibi harusi.

Mzee wangu mnamjua, mtu wa koti hata jua liwe kali vipi. Kahawa ilikuwa yake, ndizi za mama. Ndivyo tulivyokuta Uchagani. Baada ya 1989, mkataba wa kahawa wa dunia ulipovunjika na bei kuporomoka, mibuni ikabaki kujaza kihamba tu, lile shamba linalozunguka nyumba. Mikungu ya mama ndiyo ikawa na wateja. Mingine aliiuza sokoni Mwika, mingine akaipika mbege, akauzia hapo hapo uani. Ada zetu zikawa zinatoka kwenye pipa.

Mzee hakuigusa mbege ile. Alipanda juu kule mferejini, kwa mama mwingine, akanywa kwa mkopo. Na ya kule ilikuwa nyepesi, kila mtu anajua.

Siku yule mama alipotuma mtoto kudai, mama yangu hakusema neno. Alinawa unga wa ulezi mikononi, akajitanda kanga, akaniambia twende.

Wanaume walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Kata, kile kibuyu cha kunywea, ilikuwa inazunguka, na tulipoingia ilikuwa imefika kwa mzee. Mama akawaamkia wakubwa, mmoja mmoja. Kisha akafungua fundo la kanga.

"Nimekuja kulipa ya baba watoto."

Akahesabu noti zilizokunjwa kama sambusa, kisha sarafu, akizipanga juu ya benchi bila haraka yoyote. Hakuna aliyeongea. Mzee alikuwa ameshika kata, pumba za ulezi zimemganda kwenye masharubu, hanywi wala hapitishi. Kata haishikwi hivyo. Mtu mmoja akakohoa.

Mama akaongeza sarafu nyingine.

"Na hiyo aliyoshika, nayo nimelipia. Haya, mbaki salama."

Masika yote yale walizungumza kupitia kwetu. Mwambie baba yako maji ya kuoga tayari. Mwulize mama yako panga liko wapi. Mferejini mzee hakukanyaga tena. Kaka anasema mama angeweza kulipa usiku, kwa mlango wa nyuma, na mimi kuna siku namwelewa kaka, kuna siku namwona mpumbavu.

Kuelekea mavuno mzee alinipa hela, akanituma kwenye pipa la mama. Nikanunua kata moja kama mteja yeyote. Mama akapokea, akanipa chenji, na mzee akaihesabu.

Hela ile aliitoa wapi sijui. Dada anaapa alimwona mama alfajiri akiitia kwenye mfuko wa koti. Nikimuuliza mama mwenyewe, hadi leo, ananiambia nikaangalie sufuria jikoni.